Sheria ya Siku Tisini

Katika mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika sheria ndani ya kompyuta, na sheria hiyo ikamnyang'anya mjane shamba lake la mwani wakati yeye amekaa eda. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi, Salma na Haji, mnaoishika kazi hii baada yangu, mtalisikia tu kwa akina mama wa pwani, na wao hulihadithia kwa madoido. Bora mlipate kwanza kwangu.

Wenzangu ofisini wameshaanza kuniita mstaafu. Sina mvi hata moja, na mstaafu wa kweli ana pensheni. Mimi nina miwani na maumivu ya kiwiko. Lakini ni kweli kwamba mwisho wa mwezi huu naiacha kazi ya mfumo wa kampuni hii ya kununua mwani hapa Micheweni. Nakwenda kufundisha kompyuta skuli, upande wa Wete, karibu na nyumbani kwetu Gando. Bi Shuwena, mkuu wa ofisi yetu, alinitaka niandike niliyojifunza. "Lakini usituandikie kitabu cha mtihani," alisema. Nitajitahidi. Habari za mshahara sitaziandika, mnazijua. Za cheo pia sitaandika, kwa kuwa sikuwa nacho.

Sikusomea kuandika programu popote. Nilijifunza kwa simu, kwa kutazama video za watu wasionijua, nikikaa nyuma ya nyumba yetu kwenye ukuta ambao kwa sababu zake wenyewe ulikuwa na mtandao kuliko sehemu nyingine zote za kijiji. Nilikuwa naandika programu kwenye daftari kwanza, kisha naomba kompyuta kwa mjomba nione kama itafanya kazi. Mara nyingi haikufanya. Aliyejifunza peke yake ana ugonjwa mmoja ambao sijaona dawa yake: kila wakati anahisi kuna somo ambalo wenzake wote walifundishwa na yeye alikosa. Kwa hiyo anajaribu kufunika pengo hilo kwa usafi. Mimi nilikuwa hivyo, na kwa kiasi fulani bado niko hivyo. Nilikuwa nahifadhi kazi, kisha nahifadhi tena nilichokwisha kuhifadhi. Niliwahi kupoteza wiki nzima nikijiuliza jedwali liitwe "mwanachama" au "wanachama".

Siku yangu ya kwanza hapa, Bi Shuwena alinikalisha mbele ya kompyuta ya ofisi na kunionesha faili moja tu. Lilikuwa jedwali refu la wakulima wote wa mwani wanaoiuzia kampuni, kila mmoja na jina lake na namba ya eneo lake pwani. Mistari mingine ilipakwa rangi ya manjano, mingine ya buluu, mingine nyekundu.

"Nyekundu maana yake nini?" nikamuuliza.

"Inategemea aliyepaka."

"Na hii ya kijani?"

"Hiyo niliipaka mimi. Nimesahau."

Alisema bila aibu yoyote, akaendelea kunywa chai. Nilipoliona lile jedwali niliona chumba ambacho hakijafagiwa tangu nyumba ijengwe, na mimi nimepewa ufagio.

Bi Shuwena ndiye mwalimu wangu, ingawa hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Yeye alinifunza kuuliza. Wiki ya pili nilimpelekea kwa furaha majina yaliyojirudia, nikamwambia nimeyaona na nitayaunganisha. Alishika ile karatasi akasoma jina la kwanza, Asha Hamad Juma, lililotokea mara tatu.

"Huyu mmoja ni wa Shumba," akasema. "Huyu ni mkwe wake. Na huyu wa tatu simjui, lakini si hao wawili, maana hao hawasemezani. Sasa wewe unataka kuwaunganisha?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini kila video ilisisitiza kumpa kila mtu namba yake isiyofanana na ya mwingine, na kwamba namba hiyo isitokane na jina, wala simu, wala kitu chochote kinachoweza kubadilika. Kisiwani kwetu tunarithishana majina kama vyombo vya nyumbani. Namba mlizozikuta kwenye vitambulisho vya wakulima wanachama nilizitoa wiki ile, na katika kazi zangu zote za mwanzo hiyo ndiyo sijaigusa tena. Namba ya simu nikaiweka pembeni, kama taarifa ya mtu tu. Hata hivyo sikujiuliza simu yenyewe ni ya nani. Hilo lilinigharimu baadaye.

Baada ya miezi kadhaa lile jedwali la rangi lilikuwa limekuwa hifadhidata ya kweli. Wanachama walikuwa na jedwali lao, maeneo ya pwani lao, na mwani uliopokelewa lao, yote yakiunganishwa kwa namba. Akileta mtu gunia leo, mfumo ulijua limetoka eneo gani. Nilikuwa nalitazama kama mtu anavyotazama nyumba yake mpya kwa nje, akirudi hatua nyuma kidogo kila mara.

Kisha kamati ya wakulima ikaleta ombi. Kulikuwa na maeneo yaliyoachwa. Wenyewe walikuwa wameolewa mbali, au wamehamia Unguja, au wamechoka tu, na vijiti vyao vimebaki vikiota majani ya bahari. Upande wa pili kulikuwa na wanawake wapya wanaosubiri eneo. Kamati ikataka ofisi itafute njia ya kuyagawa yale yaliyoachwa bila ugomvi.

Mimi nikaiona ni kazi niliyozaliwa nayo. Nikaandika sheria: mwanachama asiyeleta mwani kwa siku tisini amejitoa. Mfumo unamtumia ujumbe kwenye simu. Asipojibu, unamfuta, unalitoa eneo lake kwa aliye mbele katika orodha ya wanaosubiri, na unachapa barua ya kumpa huyo mpya, inasubiri sahihi ya Bi Shuwena tu. Yote yalifanyika yenyewe. Hapakuwa na mtu wa kumpendelea jirani wala wa kumkomoa mkewenza.

Bi Shuwena aliisoma. "Na anayeumwa?"

"Kuna ruhusa ya ugonjwa. Anakuja ofisini anajaza."

"Na aliyejifungua?"

"Ruhusa ya uzazi. Anakuja ofisini anajaza."

"Mbona wote wanakuja ofisini?"

"Ili tuwe na uhakika ni wao."

Akanitazama kidogo, akasema, "Haya." Nikarudi kwenye meza yangu nikiwa na hakika nimefikiria kila kitu. Ninyi mtakuwa na siku kama hiyo. Ikija, ondokeni mezani mkazungumze na mtu.

Alikuja asubuhi, ofisi ina watu wawili watatu wanaosubiri mizani. Mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa buibui, na mkononi ana kipande cha kamba ya mwani kama alichokitoa majini muda ule. Alinisalimia kwa utaratibu, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za wazee Gando, ndipo akaniwekea ile kamba mezani.

"Fundi Hamadi, hii si kamba yangu."

"Hapana shida, mama."

"Shida ipo. Nimeikuta shambani mwangu."

Jina lake Bi Mize Faki. Nikamtafuta kwenye mfumo, hayumo. Nikatafuta kwa namba ya kitambulisho chake, mfumo ukanijibu kwamba mtu huyo hayupo. Nikaangalia lile eneo. Lilikuwa la mwanamke anaitwa Raya. Nikageuka kuwaangalia waliokuwa wanasubiri mizani, kwa sababu mimi nikiona tatizo hufikiri kwanza kwamba wote waliopo wananitazama.

"Mfumo umekuhesabu umejitoa," nikamwambia.

"Nimejitoa nikaenda wapi?"

"Hukuleta mwani siku tisini."

"Nlikuwa ndani, mwanangu. Nimefiwa na mume. Nimetoka eda juzi."

Mwanamme mmoja aliyekuwa anasubiri mizani akaangalia chini. Mimi nikasema jambo ambalo nalijutia mpaka leo. Nilisema, "Lakini tulikutumia ujumbe."

"Kwa simu gani?"

Nikaisoma ile namba kwenye orodha ya ujumbe uliotumwa. Akatikisa kichwa taratibu.

"Hiyo ya marehemu," akasema. "Tuliizima siku ya tatu, tulipomaliza khitma. Watu walikuwa wanampigia."

Ninyi mnajua, na kila mtu wa kisiwa hiki anajua, kwamba aliyefiwa na mume kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Haendi pwani. Hafungi mwani. Haji ofisini kujaza fomu ya ruhusa. Mimi pia nilijua. Baba yangu alipofariki nilikuwa skuli ya msingi, na mama alikaa eda katika chumba kilekile ninacholala mimi nikienda nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji, mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango wageni wakibisha hodi. Nilihesabu siku pamoja naye. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta kuandika kanuni ya watu kutokuwepo, nilikuwa nimeziacha habari zote hizo nje ya mlango pamoja na viatu. Nilikuwa nawaza kama wale watu wa kwenye video, ambao kwao mtu asipoonekana miezi mitatu ameacha huduma, basi.

Bi Mize alipotoka, nilimfuata Bi Shuwena chumbani kwake. "Mfumo umemtoa Bi Mize Faki," nikasema.

"Mfumo una mama?"

Nikaanza kumweleza habari za siku tisini.

"Nakuuliza. Nani kauzaa?"

"Mimi."

"Basi sema wewe umemtoa." Akaweka kalamu chini. "Na miye nimetia sahihi. Mazishini nilikwenda, nikala na pilau ya khitma, kisha nikarudi hapa nikatia sahihi barua ya shamba lake. Karatasi ilikuwa imechapwa vizuri, nikaona imeshafikiriwa."

Niliwaza mambo mengi wakati ule, na baadhi yake si mazuri. Niliwaza kumwingiza Bi Mize upya kama mwanachama mpya, nimpe eneo jingine la mbali, nimwambie hizo ndizo taratibu. Niliwaza kuacha kazi. Mtu anayependa ukamilifu huwa karibu sana na mlango. Kosa likionekana, anaona ni rahisi kuondoka kuliko kubaki akiwa na doa. Bi Shuwena bila shaka aliliona hilo usoni, maana aliniambia nikae, akanieleza hali ilivyo.

Eneo la Bi Mize lilikuwa zuri kuliko mengi, la kina cha wastani, mwani hauungui jua maji yakitoka wala haukatwi na mawimbi. Alilifanyia kazi miaka mingi. Maeneo yaliyobaki wazi yalikuwa kule mbali kwenye mchanga unaohama, ambako mtu anafunga kamba leo na kesho anazikuta zimefukiwa. Bi Mize sasa ndiye mtafutaji pekee wa nyumba yake, ana watoto wanaosoma. Akipelekwa kule mwaka huu, ataanza kuuza vyombo. Na kamati ilikuwa ikutane bamvua linalokuja, maji yatakapotoka mbali na wanawake wote kuwa pwani, ili ithibitishe maeneo yote ya msimu. Likishathibitishwa jina la Raya, haligeuki.

"Kwa hiyo una mpaka bamvua," akasema.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumrudisha Bi Mize ndani ya hifadhidata, na hapo nikakutana na kosa la pili. Sheria yangu haikuwa imemwekea alama ya kujitoa. Ilimfuta. Ilifuta jina, eneo, na kila gunia alilowahi kuleta, kwa sababu niliona vibaya kubakisha magunia yasiyo na mwenyewe. Nilikuwa na nakala za akiba kwenye flashi, nikizichukua kila Alhamisi kwa uaminifu mkubwa, lakini sikuwahi hata siku moja kuifungua nakala nione kama inarudi. Nilipoifungua ya karibuni, haikufunguka. Iliyotangulia nayo ikagoma. Nilikuwa nachomoa flashi kabla haijamaliza kuandika, kwa haraka ya kwenda kusali.

Niliendelea kurudi nyuma, nakala baada ya nakala. Hatimaye moja ikafunguka, ya zamani kidogo, lakini Bi Mize alikuwamo. Nilikaa nikalitazama jina lake kwenye kioo. Nakala ya akiba ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Mkitaka kukumbuka jambo moja la ufundi katika maandishi haya, likumbukeni hilo. Rudisheni nakala kila mwezi kwenye kompyuta nyingine, na msiiamini mpaka muione imesimama.

Halafu nikafanya nililokuwa naliogopa zaidi, nikalinganisha nakala ile na hifadhidata ya sasa ili nione nani wengine wamefutwa. Bi Mize hakuwa peke yake. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa anamuuguza mama yake hospitali Unguja, na mwingine aliyekwenda kujifungulia kwao Pujini. Hao maeneo yao yalikuwa bado hayajagawiwa. Barua zilikuwa mezani kwa Bi Shuwena, hazijatiwa sahihi. Nikazichukua nikazichana. Ile sheria nikaizima. Kisha nikawarudisha wote, na magunia yao.

Sasa kwenye kompyuta kila kitu kilikuwa sawa, na baharini hakuna kilichobadilika. Kamba za Raya zilikuwa palepale, na mwani wake unakua. Hilo video hazikunifundisha. Ndani ya mashine unaweza kurudi nyuma ukasema tuanze tena kabla ya kosa. Nje ya mashine mtu ameshapigilia vijiti.

Siku ya bamvua tulikutana pwani, penye chanja za kuanikia mwani, jua limeshapanda. Wanawake walikuwa wamekaa mchangani, wengine wakiendelea kufunga mbegu kwenye kamba kwa vile vijikamba vidogo tunavyoviita taitai. Mikono yao haipumziki hata mkutanoni. Mwenyekiti wa kamati akasema Fundi ana neno.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeisahihisha mara nyingi, na niliposimama nikaisahau yote. Nikasema: "Sheria ya siku tisini niliiandika mimi. Niliandika sababu za mtu kutokuja, sikuandika eda. Na nilisema kila mwenye udhuru aje ofisini, wakati aliye eda haji. Bi Mize hakujitoa. Mimi nimemtoa kwa makosa."

Kisha bibi mmoja mzee akasema kutoka nyuma, "Hiyo kompyuta haijafiwa ndiyo maana."

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Iozesheni kwanza, ndo ifiwe."

"Nani atamtaka mume asiyekula?"

"Miye namtaka. Hapiki, haombi chai."

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na Bi Mize mwenyewe akatabasamu chini ya mtandio. Mimi nilisimama pale masikio yanawaka. Lakini Raya hakucheka. Alikuwa mwanamke kijana, ametoka kijiji cha pili, hakuwa na jamaa upande huu. Akanyanyuka.

"Miye sikuiba shamba la mtu," akasema. "Nimepewa karatasi ina jina langu na muhuri. Ntajuaje kuna mtu yuko eda, nami siijui hata nyumba yake? Nimefunga kamba zangu kwa mbegu ya kukopa kwa dada yangu. Leo nkizing'oa, mbegu inakufa. Nambieni nfanye nini."

"Hakuna aliyesema umeiba, mwanangu," akasema Bi Mize.

"Wamesema kwa macho."

"Basi tutazame chini. Lakini mbona nami sikuambiwa?" Akawageukia wenzake. "Nyinyi mlikuwa mnapita pale kila siku. Mlimwona mtu anafunga kamba shambani kwangu, mkanyamaza?"

"Tulidhani jamaa yako," akajibu mmoja. "Tulidhani umemtuma akushikie shamba, mpaka utoke. Tukasema Mize kapata mtu mzuri, tena mchapakazi."

Raya akaangalia pembeni, na nadhani hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu sifa ile haikutungwa pale mkutanoni ili kumfurahisha. Ilikuwa imeshasemwa siku zote zile pasipo yeye kujua.

Waliongea wao wenyewe. Walisema, wakakatazana, wakarudia. Mwisho ikawa hivi. Raya ataziacha kamba zake mpaka mwani ukomae, avune, ni haki yake. Akivuna, atamwachia Bi Mize nusu ya mbegu kwa kuwa mbegu za Bi Mize zilikufa zote alipokuwa ndani. Na Raya hatapelekwa kule kwenye mchanga unaohama. Ubavuni mwa shamba la Bi Mize kulikuwa na ukanda wenye mawe ambao hakuna aliyeutaka kwa sababu ya kazi ya kuyaondoa. Wanawake wote watakwenda kuyaondoa kwa pamoja, maji ya mchana yakitoka, na wampigilie vijiti.

"Na Fundi," akasema Bi Mize.

"Naam, mama."

"Uje na nyundo."

Nilikwenda. Sikuwa nimewahi kufanya kazi ya mwani, ingawa niliandika mfumo mzima wa watu wanaoifanya. Maji yalinifika magotini, jua linachoma mgongo, na nikakanyaga shurigwimu, yule mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima, kabla sijapigilia kijiti cha kwanza. Nikatolewa miiba huku nachekwa. Nilipoanza kazi, nilivuta uzi nikaupima ili vijiti vikae sawa katika mstari, na kila kilichopinda kidogo nikaking'oa nikakirudia. Bi Mize alinitazama kwa muda.

"Unafanya nini?"

"Nanyoosha, mama."

"Samaki wanakuja kukagua?"

Raya aliyekuwa karibu nami akainama akicheka. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona anacheka. Wakati mimi namaliza mstari wangu mmoja ulionyooka, wao walikuwa wamemaliza shamba. Mstari wangu haukuota mwani zaidi ya mingine.

Nilirudi ofisini nikaandika upya. Nitawaeleza kwa ufupi, mengine mtayaona mkifungua. Hakuna amri ya kufuta mwanachama popote katika mfumo huu. Kila hali ya mtu ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, ina sababu, na ina jina la aliyeamua. Mtu akipewa eneo, historia ya aliyekuwa nalo inabaki. Badiliko linalogusa zaidi ya jedwali moja linafanyika lote au halifanyiki kabisa, ili tusibaki na eneo lisilo na mtu wala mtu asiye na eneo. Kila ninapobadilisha programu naweka toleo la zamani, na maelezo ya kwa nini nimebadilisha, yameandikwa kwa Kiswahili ambacho Bi Shuwena anaweza kukisoma. Anasoma kweli. Pembeni mwa moja aliandika: "Sentensi hii haina kitenzi."

Mtu akipotea miezi mitatu, mfumo hauamui. Unatoa jina tu, na mwanamke mmoja wa kamati anakwenda nyumbani kwake kupiga hodi. Nilitaka kuongeza eda kama sababu ya sita katika orodha ya ruhusa, nikajiona nimekamilisha. Bi Mize, aliyekuwa ameitwa aiangalie, akaniuliza na aliyeachwa? Na aliyekwenda Makka? Na mwenye mtoto aliyeungua? Nikaelewa kwamba orodha ile haitaisha. Nikaacha nafasi tupu mtu aandikiwe maneno yake mwenyewe. Kwa mtu wa aina yangu, kuacha nafasi tupu kwenye jedwali ilikuwa kazi ngumu kuliko vijiti.

Tangu hapo, kabla sijaingiza sheria yoyote kwenye mfumo, nakwenda pwani naisoma kwa sauti mbele ya watakaoishi nayo. Nimeokoka makosa mengi kwa njia hiyo. Salma, wewe unakumbuka tulipopanga ripoti ya mwezi, ukaniuliza kwa nini tunahesabu kwa kalenda ya ukutani wakati mwani unavunwa kwa bamvua, na miezi mingine ina mabamvua yaliyokatika katikati. Ulikuwa na wiki moja kazini. Niliona aibu kwa muda mfupi, kisha nikafurahi, na niliona kwamba zamani ingekuwa aibu tu. Na wewe Haji ulipovunja hifadhidata ya majaribio ukanijia uso umekuwa kama wa mtu aliyeua, nilikwambia hiyo ndiyo kazi yake, kuvunjwa. Sikukwambia kwamba nilikuwa nimesubiri miaka kadhaa kumwambia mtu maneno hayo.

Bado nina wasiwasi. Nimeisoma karatasi hii mara nyingi kuliko inavyostahili, na mpaka mtakapoisoma nitakuwa nimekumbuka jambo nililosahau. Mkiliona, liongezeni.

Bi Mize yuko shambani mwake. Raya yuko ubavuni mwake, nao hupeana mbegu msimu ambao mmoja wao amekosa. Baada ya mwaka ule wajane wengine wamekaa eda zao na kutoka, na kila mmoja alikuta shamba lake likiwa na jina lake. Mfumo wetu hauwezi tena kumtoa mtu. Wanaoweza ni wanachama wenzake, wakiwa wamekaa pamoja, na baada ya mwenyewe kufuatwa nyumbani na kusikilizwa.